Ini Mkononi

…na bado la moto, linachoma viganja kupitia jani la mgomba, lakini Yombon halishushi, akilishusha atakuwa amejibu, akiling'ata peke yake atakuwa amejibu vilevile, na mwenyekiti Koipa ndio kwanza yuko kwenye shukrani za waliochimba shimo la kuokea nguruwe, hajafika kwa waliokata kuni, hajafika kwa waliopasha mawe, mtu huyu akishika kipaza sauti hata nguruwe wanazeeka, sasa anasema ushindi huu ni wa jimbo zima… jimbo gani bwana, ushindi ni wa Kokomo, klabu ya raga ya hapa Ialibu, ile ile ambayo mwanzo wa msimu ilikuwa inachekwa mpaka na wauza karanga, na leo kombe liko pale mezani limevishwa maua, matope hayajakauka kwenye vishikio vyake, na kocha wa Kokomo ni nani, si ni yeye, Yombon, aliyekaa kwenye nyasi na goti lake bovu kalinyoosha, ini mkononi kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Wario ndiye aliyelileta, Wario mkewe, wakati wanafunua shimo na mvuke unapanda aliingiza mkono katikati ya majani, akalitoa ini zima la lile dume jeusi, akapita nalo mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wanaojua vizuri sana nani huanza kupewa nini, akaja kumwekea mumewe viganjani, akarudi kwenye viazi vyake, na pale pale, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, kakaa yule kijana. Mlinzi wa mwisho wa Kokomo, jezi namba moja, mume wa Nasome binti yake… jina lake Yombon halitaji, hata kichwani halitaji, jina la mkwe halitajwi, hilo mtu hafundishwi, ananyonya nalo, na sasa uwanja mzima umemgeuzia Koipa uso na kumgeuzia Yombon jicho, wanajidai wanasikiliza hotuba, waongo wakubwa, hakuna anayesikiliza, wanangoja waone ini linakwenda wapi.

Kwa sababu walisikia wote, ndiyo balaa lenyewe, angekuwa amenong'ona angekana, lakini leo kwenye mechi Yombon alimpigia mkwe wake ukelele mpaka mbwa wa ng'ambo ya uwanja wakaitikia, Ini!, mbele ya halaiki, na mtu hamwiti mwenzake Ini kwa kupenda tu, wawili huketi wakamega chakula kimoja, huyu nusu na huyu nusu, na tangu siku hiyo kile walichomega ndicho wanachoitana, wewe Ndizi kwangu na mimi Ndizi kwako, mpaka mmoja azikwe, na kwa watu ambao majina yao yamefungwa na ukwe hakuna njia nyingine ya kuitana bila kukoseana adabu, ila kwanza mnakula, kisha mnaitana, hajatokea mtu akaanzia kwenye kuita, yeye ndiye wa kwanza, kwa umri wake huu na mvi zake hizi, ameita jina ambalo hajalila… na Lare, nahodha, alimwambia wazi jana wakati wanachora mistari ya uwanja kwa chokaa, hakuzunguka, akasema kocha, yule wetu wa nyuma amepata timu huko pwani, Lae, timu na kazi ya kiwanda cha mbao, gari linaondoka Jumatatu, na ameniambia nikuambie hivi: "Mzee akila na mimi, nabaki. Asipokula, nachukua mke wangu na mtoto tunaondoka. Sikai mwaka mwingine kwa kocha anayeniita kwa mgongo wa watu." Na Yombon alijibu nini, alijibu mstari wako umepinda, chora upya. Ulikuwa umenyooka mstari ule, Lare akaufuta akauchora pale pale, kijana mwenye heshima, na Yombon usiku hakulala, alimsikia mjukuu akikohoa nyumba ya pili, akawaza Lae kuna joto na mbu, huyu mtoto wa baridi atawezaje Lae.

Kwa mgongo wa watu, loh, mdomo wa kijana huyu… na ni nani aliyeulisha huo mdomo. Siku ya kwanza kumwona, Yombon alikuwa amepanda mlima kutafuta kuni, akawakuta watoto wa ukoo wa jirani wanaangua karuka, njugu za mkadi wa milimani, mmoja yuko juu anakata mikungu kwa panga, mikungu mizito yenye miiba, mtu mwenye akili husogea mbali ikianguka, na chini kasimama kijana mwembamba anaidaka, anaidaka kifuani, anaigeukia kwa ubavu ili isimvunje, mmoja, mwingine, wala hafumbi macho, na Yombon akasahau kuni, akakaa juu ya jiwe akatazama mpaka mkungu wa mwisho, akajisemea nimempata mlinzi wangu, aliyedaka karuka hatauogopa mpira wa ngozi. Akamwomba kwa mama yake, akamleta nyumbani, akamlisha viazi na mboga na samaki wa kopo, Wario akinung'unika kwamba sufuria haitoshi lakini akimwongezea kila akigeuka, na akamfundisha yote anayoyajua, usimtazame mkimbiaji machoni, macho yanadanganya, mtazame kiuno, kiuno hakijui uongo, mpira ukiwa hewani sahau kila kitu, hata mama yako msahau, atakuwepo ukishaudaka, na ukimkaba mtu shavu lako likae nyuma ya makalio yake, si mbele, nataka uzeeke na meno yako, kila jioni, mvua, baridi, Yombon pembeni ya uwanja akiliita jina lile, akiliita kwa hasira, akiliita kwa kicheko, jina fupi, linatoka mdomoni vizuri, linafika mbali, aliliita miaka na miaka mpaka watoto wa jirani wakalichukua wakawa wanawaitia nalo mbwa wao… halafu Nasome. Nasome aliyekuwa mjini Mendi anasomea uuguzi, amebakiza mwaka, akaja likizo na likizo haikwisha, na mwenye nyumba ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua kinachopikwa jikoni kwake. Nguruwe wa mahari walikuja, wengi na wanono, hapo hana la kulalamika, ukoo mzima uliwasindikiza kwa nyimbo, na yule kijana akasimama mbele yake kajipaka mafuta, ini la nguruwe mkubwa kalishika kwa mikono miwili, mzee amege, kijana amege, waitane, yaishe… na Yombon akasema nimeshiba. Nimeshiba, na tumbo lake linanguruma mpaka mdogo wake pale pembeni alilisikia. Kijana alisimama na ini lake mpaka likapoa, kisha akalipeleka kwa wazee, na kuanzia siku hiyo jina la zamani likatoka kinywani mwa Yombon kwa sababu sasa ni la mkwe, na jina jipya halikuingia, kinywa kikabaki mahame.

Akamfundisha kwa njia ya Lare, kweli, alifanya hivyo, mlinzi wa mwisho kasimama mbele yake anamsikia vizuri kabisa, na yeye anamgeukia Lare, mwambie wa nyuma asikae katikati, Lare anageuka, kocha anasema usikae katikati, kijana anajibu kwa Lare, mwambie kocha jua lilikuwa machoni, Lare anageuka tena, jua, kocha, na wageni wakipita wanadhani ni mahakama, na siku ya mechi ndiyo mbaya zaidi, maneno yakitoka kwa Yombon yakapitia kwa Lare yakafika nyuma, mtu wa timu nyingine alikuwa ameshafunga trai na ameshaanza kuchana nywele. Watu walicheka, wakacheka, kisha wakazoea, na jambo likishazoeleka nani analiona tena… Koipa huko anasema siri ya ushindi ni nidhamu, wanapiga makofi, nidhamu, siri ya ushindi ni utumbo, mkia, figo na ulimi, lakini nenda kaseme hivyo kwenye kipaza sauti.

Walikuwa wanafungwa kushoto, kila trai kushoto, kati ya Lare na winga wake Pima, pengo linafunguka kama mlango wa kanisa na watu wanapita na mpira kwapani wakisalimia, na Yombon akadhani ni pumzi, akawapandisha mlima na magunia ya mchanga, wakarudi na pumzi nyingi na pengo liko pale pale, akadhani ni woga, akawakabisha magurudumu ya lori mpaka magurudumu yakapinda, pengo liko pale pale, akaja Mwaustralia mmoja kufundisha makocha wa nyanda hizi, mtu mwema, shingo nyekundu, akatazama akasema shida yenu ni kimya, mstari wa ulinzi lazima uongee, kila mtu amwite aliye pembeni yake kwa jina, sogea fulani, mshike fulani, wakafanya hivyo, kelele zikajaa uwanja, Mwaustralia akafurahi akapanda ndege yake, na Jumapili wakafungwa kushoto. Ukungu ndio uliomfungua, siku ule ukungu ulipotoka mlima Giluwe ukakaa uwanjani kama mgeni asiyejua kuaga, mtu haoni mpira alioushika, kocha mwingine angewaambia nendeni nyumbani, Yombon alikuwa na hasira mno ya kumruhusu mtu kwenda nyumbani, akapuliza filimbi, chezeni, akasimama pembeni haoni kitu anasikia tu, majina yanaitana ndani ya ule weupe, kulia majina, katikati majina, kushoto… kimya. Akadhani wamekimbia. Akapuliza tena, kulia majina, katikati majina, kushoto ni pumzi na miguu inayotafuna matope, jina hakuna, na hapo ikamjia, akacheka peke yake mpaka akashika magoti, kwa sababu Pima kamwoa dada yake Lare, harusi ambayo Yombon mwenyewe alikula shingo yake ya nguruwe akalamba vidole, mashemeji wale, watu wasioweza kutajana hata nyumba ikiungua, na yeye mzaliwa wa hapa hapa, aliyenyonya adabu hiyo kama wao, amekuwa akiwabebesha mchanga kuwaponya ugonjwa ambao si ugonjwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake ulikuwa pointi za wenzao.

Wakajaribu kuitana Shemeji, Lare akapiga kelele Shemeji, shuka!, wakashuka watano, maana katika bonde hili usipokuwa shemeji wa mtu basi umehamia juzi, wakajaribu namba, namba tano shika, namba tano akatoka kwa kuumia akaingia namba kumi na sita, mambo yakavurugika, na Pima akanuna, akasema yeye si gunia la kahawa la kupigwa namba. Ndipo Yombon akachinja. Nguruwe wake mwenyewe, Wario hakumsemesha siku nzima, akawakalisha wachezaji kwenye nyasi kama wanavyosimama kwenye mstari, kila mtu na wa pembeni yake, awe shemeji, awe mkwe, awe mgeni wa kuja, akakata na kugawa, nyie megeni ulimi, nyie figo, nyie mkia, nyie kiazi chekundu, na Lare na Pima akawapa utumbo kwa sababu ndio waliomsumbua zaidi, wakala wakitazama chini kama maharusi, na kesho yake, jamani, kesho yake uwanja ulikuwa bucha siku ya soko, Utumbo, sogea, Mkia, mshike huyo, Figo, nipo nawe, Ulimi, ruka, na mstari ukatembea, mstari mzima ukapanda kwa pamoja kama mtu anavyokunja mkeka, kushoto pamefungwa, Yombon alisimama pale na filimbi mdomoni akasahau kuipuliza, alikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Timu ya kwanza kukutana nao ilicheka mpaka ikafungwa, ya pili haikucheka, ya tatu ilimleta mzee wao akalalamika kwa mwamuzi kwamba Kokomo wanacheza na uchawi, mwamuzi akatafuta sheria inayokataza figo, hakuipata, mpira ukaendelea. Na yule kijana, kwa kuwa mlinzi wa mwisho anasimama nyuma ya wote na kuwaona wote, alizunguka na kumega na kila mmoja, ulimi na huyu, kiazi na yule, tumbo lilimvimba kwa ajili ya timu, hakumruka mtu, ila mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa ameshika kisu, akajifanya anakinoa.

…akajifanya anakinoa, na kijana alisimama karibu kidogo, kidogo tu, kisha akaenda zake, na Yombon kila alipochinja tangu hapo aliliweka ini kando akawapelekea wazee, kwenye Kokomo mpaka leo hakuna wawili walioitana Ini… Koipa anawashukuru wenye lori, lori lile lilikwama mara ngapi, anashukuru tu… na leo mchana, kumi na nne kwa kumi na mbili, Kokomo juu, wapinzani, watu wa Pangia, wako mlangoni kwa Kokomo, wamebakiwa na mkabo mmoja wa mwisho, Pima kalala na goti lake, Lare yuko chini ya watu watatu anajikwamua, na kushoto, kushoto tena, hakuna mtu, nyasi tupu mpaka kwenye kibendera, Yombon akaliona pengo kabla Pangia hawajaliona, kisha akaona kwamba na wao wameliona, mpira ukatoka, mkono kwa mkono, ukamfikia winga wao yule wa mapaja kama magogo, naye ameshaanza kukimbia, na mlinzi wa mwisho yuko kulia kabisa, kamgeuzia mgongo, amevutwa huko na mkimbiaji wa uongo, na wa kumwita hakuna, wenye majina yake wamezikwa kwenye matope, waliosimama wana pumzi tu vinywani, na Yombon kinywa chake kikafunguka. Jina la zamani lilipanda mpaka kwenye meno, alilihisi pale, utamu wake wa siku zote, akalimeza, na nyuma yake likaja hili jingine, hakulitafuta, angelitafuta asingelipata, Ini!, sauti ambayo hakujua kama bado anayo, na mtu yeyote angesimama kwanza ajiulize Ini ni nani hapa, yule kijana hakujiuliza, hakutazama sauti imetoka wapi, aligeuka na tayari anakimbia, akapita nyuma ya mstari wote, akapita mbele ya Yombon hivi, matope yakamrukia kocha machoni, na hakumtazama yule winga usoni, alitazama kiuno, aliingia chini, shavu nyuma ya makalio, bega likabeba, yale magogo mawili yakaondoka ardhini, na mtu na mpira na kibendera vikaenda nje kwa pamoja hatua mbili kabla ya trai, king'ora kikalia, na uwanja ukapasuka. Akina mama walivamia uwanja na majani, Koipa alimbusu mwamuzi, Lare alikaa chini akalia, na Yombon naye alilia, hilo pia waliliona, hana la kuficha leo.

Lakini ilikuwa mechi, anajiambia, sasa hivi, hapa, na ini linaanza kupoa, ilikuwa mechi na mtu akiona nyumba inaungua huita chochote, mdomo uliteleza, na mbona mdomo ulioteleza ukaangukia pale pale, kwenye neno lile lile alilolikataa mbele ya nguruwe na nyimbo, ungeweza kusema Ndizi, ungeweza kusema Kiazi… Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yamemwagika mbele ya mchungaji. Akila, watasema Yombon kashindwa, kijana kamchukulia binti na sasa kamchukulia na shingo, kainamisha shingo, wapo watakaosema, mdogo wake atakuwa wa kwanza, na asipokula, Jumatatu gari, na Nasome juu ya mizigo na mtoto mgongoni, na huyu anayekaba hivi atakuwa anakaba kwa ajili ya wauza mbao wa Lae, na kocha wa huko atakuwa anamwita, bure, kwa jina lake la kuzaliwa, kila jioni, kwa sauti, mtu asiyemjua hata mama yake… na hilo ndilo linalouma kuliko gari, kumbe, hilo, kwamba kuna mtu huko ataliita. Nasome kasimama upande wa viazi, kampa mama yake mgongo, mtoto begani, anajidai hatazami huku, anatazama huku. Kijana naye vidole vimemvimba, kaviweka juu ya magoti kama vya mtu mwingine, hatanyoosha mkono, na hana haki ya kunyoosha, alishanyoosha mara moja, alinyoosha mpaka chakula kikapoa, zamu si yake, aliyeita ndiye anayemega. Na Yombon anauona tena ule ukungu, anajiona pale pembeni, masikio wazi, anajisifu kwamba anasikia kila kimya cha uwanja, kushoto kimya, akacheka, akaelewa, akaponya, na hakusikia kwamba nyuma kabisa, kule kwa mlinzi wa mwisho, kulikuwa kimya kikubwa kuliko cha kushoto, na pengo lenyewe lilikuwa limesimama nje ya mstari na filimbi shingoni. Lo. Basi anataka kucheka, hapa hapa, katikati ya hotuba, anabana midomo, tumbo linatikisika, mchungaji anamtazama, na furaha ya mchana inampanda upya lakini si ile ya kombe, kombe ni la Koipa, alale nalo kitandani akipenda, hii ni nyingine, hii ni ya mtu aliyemwokota mtoto kwenye karuka akamtengeneza mpaka akaitwa kwa jina asilolijua na akalijua, bila kufundishwa, bila Lare, akageuka, na kama huko si kushinda basi kushinda ni nini, nani katika milima hii amewahi kumwita mtu kabla ya kula na akaitikiwa, hakuna, ni Yombon peke yake, waseme watakavyosema, mdogo wake aseme mpaka achoke, kesho watakuwa wanasimulia hivyo hivyo huku wanameza mate kwa wivu… Koipa anasema na sasa ndugu zangu kabla sijamaliza, watu wanaguna, bado yupo, bado anashukuru, hakuna kilichobadilika chini ya mawingu haya, moshi ni ule ule, viazi ni vile vile, na Yombon anaingiza vidole gumba kwenye ini, linagoma kidogo, kisha linakubali, linapasuka katikati, si katikati hasa, upande mmoja mkubwa zaidi, na anaunyoosha ule mkubwa. Uwanja umenyamaza, Koipa anadhani ni kwa ajili yake, anapandisha sauti. Vidole vilivyovimba vinapokea, kijana anatia mdomoni, Yombon anatia mdomoni, wanatafuna wote wawili wakitazama mbele kama watu waliokaa ndani ya gari moja, ini limekolea chumvi ya Wario, na maneno ya kwanza anayomwambia kijana huyu bila kupitia kwa mtu yeyote tangu siku ya mahari yanatoka yenyewe, yanatoka kama ya kocha, hayakujua njia nyingine.

"Ulichelewa kugeuka, Ini."

Kijana anameza kwanza, anajipangusa mdomo kwa mkono wa jezi, anamgeukia, na anamtazama usoni.

"Nilikuwa sijaitwa, Ini."